Ndoo mbili za mwaloni: kisa cha binti aliyetafuta mchepuo usio na kwanta

Alikuja kwangu mwishoni mwa Julai, juma la mbalamwezi. Nalikumbuka juma lenyewe kwa sababu mama yake anauza dagaa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la hapa Mwanza, na mwezi ukishakomaa wavuvi hupumzisha mitumbwi. Dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima linang'aa. Mzigo hupungua, na binti hupata nafasi ya kupanda Kitangiri kumwona mwalimu wake wa zamani. Majuma ya giza nisingemtia machoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana. Mwalimu, kwanta imenikamata. Nina sapu Septemba. Na tukifungua tu chuo natakiwa kujaza fomu ya mchepuo wa mwaka wa tatu. Naomba unisaidie nipate mchepuo ambao hauna kwanta ndani yake."

Kwanta ni fizikia ya vitu vidogo kama atomu na elektroni, na sapu ni mtihani wa marudio. Ameniruhusu nikiandike kisa chake, mradi jina lake na la chuo chake visitokee. Nimefundisha fizikia sekondari za hapa Mwanza mpaka nikastaafu, na vijana wanaonijia likizo huja karibu wote na ombi la sura hii: somo limenishinda, nionyeshe njia isiyopita mlangoni kwake. Kwa hiyo sikumjibu kuhusu mchepuo. Nilimwambia arudi kesho yake na daftari la mazoezi na karatasi za majaribio, hata zile zenye alama za aibu. Hasa hizo.

Alirudi nazo. Mekanika ilikuwa nzuri, umeme na sumaku nzuri zaidi, hisabati ya wastani. Kwenye kwanta alikuwa na 28 kwa 100. Yeye mwenyewe alikuwa ameshajitolea hukumu kwamba hisabati yake ni dhaifu. Nikamwomba akokotoe nishati ya elektroni iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha upana wa nanomita 1. Akaandika fomula bila kuchungulia popote, akapata elektronivolti 0.38 kwa hali ya kwanza, yaani ngazi ya chini kabisa ya nishati, na mara nne yake kwa hali ya pili, kama 1.5. Sahihi. Nikamuuliza kwa nini hali ya kwanza haina nishati sifuri. Akasema wimbi lililobanwa pande mbili haliwezi kunyooka kabisa, lazima lipinde angalau mara moja, na kupinda huko kuna gharama. Jibu hilo ningempa alama zote na chai juu yake.

Sasa mtu wa namna hii amepataje 28?

Niligeuza kurasa mpaka nikaona. Kila swali la kukokotoa lenye hali moja alilipata. Kila swali lenye hali mbili zilizochanganywa, ama lililoanza na "eleza", lilikuwa na alama nyekundu. Na katika matatu kati ya hayo alikuwa ameandika sentensi ileile, karibu neno kwa neno: "Elektroni iko katika hali ya kwanza au ya pili, ila hatujui ni ipi mpaka tupime."

Nikamuuliza ameitoa wapi. Akacheka. "Kwenye madesa, mwalimu. Yanatembea tangu kaka zetu."

Madesa ni maandishi ya masomo ambayo wanafunzi hurithishana. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Sentensi hiyo inasomeka vizuri, ina harufu ya hekima, na ni kosa. Tena si kosa dogo la maneno, maana ukiiamini utakosea hesabu pia, na yeye alikuwa anazikosea hesabu hizo kwa uaminifu mkubwa. Mhadhiri wake, kwa maelezo yake, alikuwa akipitisha slaidi 60 kwa saa mbili na kusema kwanta haieleweki, ikaririwe tu. Sitamlaumu sana mtu mwenye wanafunzi wengi kiasi kile, lakini neno hilo la pili lilimfanya binti aache kuuliza. Alidhani kutoelewa ndiyo hali ya kawaida ya somo.

Nilianzia mahali anapopajua. Nikamwambia: chukua ndoo mbili za mwaloni zenye vifuniko, moja ina dagaa, nyingine ina furu. Mama amezifunika, wewe hujui ipi ni ipi. Ukifunua ya kushoto ukakuta dagaa, umejua na ya kulia. Kabla hujafunua, je, kulikuwa na shaka ndani ya ndoo?

"Hapana. Shaka ilikuwa kwangu. Ndoo inajijua."

"Basi ile sentensi yako ya madesa inaielezea ndoo. Elektroni haiko hivyo."

Akanyamaza kidogo. "Na nitajuaje kwamba haiko hivyo, kama siwezi kufunua bila kufunua?"

Swali zuri kuliko yote aliyonipa likizo ile. Wengi hukimbilia hapa kumtaja paka wa Schrödinger, yule wa mfano anayesemwa kuwa hai na mfu kwa pamoja, nami simpendi paka huyo. Anawafanya vijana wadhani kwanta ni kitendawili cha kushangaza wageni. Nilikwenda kwenye jaribio la Stern na Gerlach. Mwaka 1922, kule Frankfurt, walipitisha atomu za fedha katikati ya sumaku ambayo nguvu yake si sawa juu na chini. Kwa fizikia ya zamani atomu zingetawanyika kama unga, juu, katikati na chini. Zilitua sehemu mbili tu. Baadaye ikaja kueleweka kwamba kilichokuwa kinapimwa ni spini ya elektroni, tabia yake ya kisumaku, ambayo katika mwelekeo wowote utakaochagua hujibu kwa namna mbili: juu au chini ukisimamisha sumaku wima, kulia au kushoto ukiilaza.

Basi tukaweka sumaku tatu kwenye karatasi. Ya kwanza iko wima. Tunabakiza atomu za "juu" peke yake. Ya pili imelazwa. Zinagawanyika nusu kulia, nusu kushoto. Tunabakiza za "kulia". Ya tatu iko wima tena. Zitatoka vipi?

"Zote juu, mwalimu. Si tulishazichuja?"

Hapana. Nusu hutoka juu, nusu chini.

Alikunja uso. Halafu akasema jambo ambalo mwanafunzi wa kukariri halisemi: "Lakini hiyo hainishindi. Labda sumaku ya pili imezivuruga. Hata ndoo ukiipitisha kwenye daladala ya Igoma, dagaa na furu vitachanganyika."

Ukisoma juujuu, pingamizi hilo linaokoa ndoo zake. Ndiyo maana kuna hatua moja zaidi, ambayo mara nyingi hurukwa. Tuseme baada ya sumaku ya pili hatuzuii upande wowote. Tunaziacha njia zote mbili, kulia na kushoto, tunazirudisha kwa uangalifu mpaka ziwe njia moja, bila kitu chochote kutazama atomu ilipita wapi, kisha tunazipeleka kwenye sumaku ya tatu. Kwa hesabu ya ndoo, nusu ya atomu zilikwenda kulia, na nusu ya hizo zitatoka chini. Nusu zilikwenda kushoto, na nusu ya hizo nazo zitatoka chini. Robo na robo ni nusu. Nusu ya atomu lazima zitoke chini.

Hakuna hata moja inayotoka chini. Zote hutoka juu, kama zilivyoingia. Jambo la aina hii la kugawa na kurudisha limepimwa kwa nutroni, ambazo nazo zina spini.

"Kama sumaku ilizivuruga," nilimuuliza, "nani amezitengeneza tena?"

Nilimwacha na hilo, nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa ameandika vekta. Sikumwambia aandike vekta. Alikuwa amekumbuka mambo ya kidato cha tano, jiwe juu ya mteremko, uzito wake ukigawanywa sehemu mbili: moja kufuata mteremko, nyingine kuukandamiza. Jiwe halina uzito wa aina hii "au" ile. Uzito ni mmoja. Mielekeo uliyochagua ndiyo miwili. Akajaribu: "juu" ni kulia jumlisha kushoto, kila kimoja kwa 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2. "Kulia" nayo ni juu jumlisha chini kwa kipimo hichohicho, na "kushoto" ni juu toa chini. Ukizirudisha pamoja, upande wa juu unapata nusu jumlisha nusu, jumla 1. Upande wa chini unapata nusu toa nusu.

"Sifuri," akasema, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Kosa lake lote lilikuwa limekaa kwenye alama ile ya kutoa. Uwezekano hauna hasi. Ukijumlisha uwezekano, kitu hakiwezi kamwe kufuta kitu. Kinachojumlishwa katika kwanta ni amplitudi, ambazo zinaweza kuwa hasi, na uwezekano huja mwishoni kwa kuzipigia kipeo cha pili. Max Born alisema hivyo mwaka 1926. Binti alikuwa anapiga kipeo kwanza na kujumlisha baadaye, kwa sababu ile sentensi yenye "au" na "hatujui" ndivyo inavyoagiza. Siku ile alirudia maswali sita ya zamani. Matano yalitoka. La sita alikosea kwa haraka tu.

Aliniuliza pia, kama wote wanavyouliza, elektroni basi *iko wapi* kabla ya kupimwa. Nilimjibu kwamba watu wenye akili kuliko mimi wanabishana juu ya maneno ya kulisemea jambo hilo, lakini mlango mmoja umebanwa sana. John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba ndoo zinazojijua, zisizopelekeana habari kwa mbali, zingetoa takwimu tofauti na za kwanta. Majaribio yakafanywa, kwanta ikashinda, na Aspect, Clauser na Zeilinger wakapewa Nobel mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Kwa sapu ya Septemba inatosha.

Tukaja kwenye fomu.

Orodha yake ilikuwa na vitu vinne, na kila kimoja kilikuwa na mtu nyuma yake. Jiofizikia aliipendekeza mjomba wake aliye Geita, kwenye dhahabu. Fizikia ya tiba aliichagua mwenyewe, kwa hoja kwamba "ni hospitali, hakuna kwanta". Fizikia ya vitu, yaani semikonda (kama silikoni ya vifaa vya elektroniki) na seli za jua, aliiweka kwa sababu rafiki zake wanaijaza. Ya nne, nadharia, ilikuwa imefutwa kwa kalamu lakini bado inasomeka. Ualimu haukuwamo ingawa mama ndio alioutaka; ili kuufikia baada ya shahada ya fizikia pekee angehitaji kuongeza stashahada ya ualimu, na alisema hana pumzi ya kukaa darasani kwa ajili hiyo.

Ombi lake la mchepuo usio na kwanta nililijibu kwa kuanzia Geita, kwani ndiko alikodhani pako salama. Watafiti wa madini hutembea porini na kifaa cha kupima usumaku wa ardhi. Aina moja ya kifaa hicho ina chupa ya maji au mafuta iliyozungushiwa waya: protoni zilizomo huyumba kama pia ya kuchezea, kwa kasi inayotegemea nguvu ya usumaku wa mahali hapo. Kwa ardhi yetu ya karibu na ikweta ni kama mara 1,400 kwa sekunde, sauti ambayo sikio lingeisikia. Kinachoyumba ni spini. Ileile. Tofauti ni kwamba mtu wa jiofizikia anaibeba ndani ya boksi na kusoma namba. Hatadaiwa kamwe kuifungua.

Nadhani hapo ndipo alipoanza kuliona swali upya. Kwanta imo katika michepuo yote minne, ila hukutani nayo kwa namna moja. Katika jiofizikia imefungwa ndani ya chombo. Katika tiba iko kwenye majedwali na kanuni za usalama. Katika fizikia ya vitu ndiyo ugali wa kila siku. Kwenye nadharia ni ugali, mboga na sufuria yenyewe. Nadharia tuliizungumza kwa dakika chache: nilimtajia kituo cha Trieste alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 na taasisi mwenza wake ya Kigali iliyofunguliwa 2018, akasikiliza kwa adabu, na nikaona kwamba nadharia aliipenda kwenye video, si kwenye karatasi.

Kwa hiyo kuchagua kwa kuangalia somo lililokukamata hakukufikishi popote. Nilitaka tuangalie anaifanya kazi gani bila kusukumwa, na hilo huwezi kulijua kwa kuuliza. Nikampa kazi.

Nilimtuma Makoroboi na kwa mafundi redio akatafute taa ndogo za LED, nyekundu, kijani na bluu, maltimita, na kitasa cha sauti cha redio iliyokufa. Kazi yenyewe: ongeza volti taratibu, uandike ni volti ngapi kila taa inapoanza tu kuwaka. Taa ya LED huwaka pale elektroni inaposhuka ngazi ya nishati ndani ya semikonda na kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga. Rangi ni kimo cha ngazi. Bluu ina ngazi ndefu, hivyo inadai volti nyingi. Rangi alizipima kwa santuri ya zamani ya CD, ambayo mistari yake imeachana kwa maikromita 1.6 na hutawanya mwanga kama upinde wa mvua. Ukigawanya tofauti ya volti kwa tofauti ya masafa ya mwanga (mitetemo yake kwa sekunde) na kuzidisha kwa chaji ya elektroni, unapata namba ya Planck, inayounganisha nishati ya fotoni na masafa yake.

Nyekundu ya nanomita 630 iliwaka kwenye volti 1.80, bluu ya 465 kwenye 2.45. Akapata 6.2 × 10⁻³⁴, wakati thamani inayokubalika ni 6.63 × 10⁻³⁴. Kakosea asilimia kama 7, mezani kwangu, kwa vifaa ambavyo jumla yake havikufikia nauli ya kwenda Ukerewe na kurudi.

Mama yake alipita jioni ile kumchukua, akaziona taa. Akasema ni ndugu wa zile zinazovulia dagaa siku hizi; zamani zilikuwa karabai. Nami nikamweleza binti jambo ambalo hulisemi ukiwa na haraka: soksi za karabai, nyingi zake, zilitengenezwa kwa oksidi ya thoriamu, na thoriamu hutoa mionzi ya alfa. Chembe ya alfa haina nishati ya kutosha kuruka ukuta wa kiini cha atomu. Inaupenya, na George Gamow alilieleza hilo kwa kwanta mwaka 1928. Taa ya zamani ina kwanta, taa mpya ina kwanta. "Kumbe tumekula nayo miaka yote," mama akasema, na akataka kujua kama soksi zile zina madhara. Nilimwambia ukiwa mbali nazo si kitu, ubaya ni kuvuta vumbi lake zikivunjika. Hakuridhika sana. Ana haki.

Nikiri hapa kosa langu. Baada ya jaribio lile nilishaamua moyoni kwamba huyu ni wa fizikia ya vitu. Nilianza kumzungumzia silikoni na ngazi yake ya elektronivolti 1.12 kana kwamba ameshajaza fomu. Yeye alikuwa anageuza daftari.

Kwenye daftari, kila volti ilikuwa imepimwa mara tano. Sikumwagiza hivyo. Aliandika saa, hali ya betri, na kwamba kipimo cha tatu cha kijani alikitoa mchana dirisha likiwa wazi, kwa hiyo taa ilianza kuwaka lini hakuona vizuri, akakirudia usiku. Kwa nini LED inawaka, lile lililonisisimua mimi, aliliandika kwa mistari miwili. Utulivu wa mita aliuandikia ukurasa mzima.

Mtu anayefurahia hilo yuko wapi nyumbani? Nilimweleza siku ya mwanafizikia wa tiba kwa namna ambayo vipeperushi haviisemi. Kabla mgonjwa wa kwanza hajalala mezani, mashine inapimwa: je, inatoa kile inachosema inatoa? Dozi ya kawaida ya siku kwenye tiba ya saratani mara nyingi ni Grei 2. Ukikosea, mgonjwa hatasikia lolote siku hiyo. Chukua mashine za kobalti-60. Nusu-uhai wa kobalti ni miaka 5.27, maana yake nguvu yake hupungua kama asilimia 1.1 kila mwezi. Mgonjwa aliyehitaji dakika 2 leo, mwenziwe atahitaji dakika 4 miaka mitano na kitu baadaye, kwa dozi ileile. Lazima awepo mtu anayelijua hilo na kulirekebisha. Kwanta yake ni ya Compton ya 1923, fotoni inapogonga elektroni na kubadilika masafa. Anaihitaji aielewe vya kutosha ili ajue mionzi inaacha nishati wapi mwilini, wala hatatatua mlinganyo wa Schrödinger, ule mkuu wa kwanta, kila asubuhi.

Nikampa na upande mchungu. Shahada ya kwanza haimfikishi. Kuna ya pili, kisha mafunzo hospitalini chini ya mwenye uzoefu. Nafasi ziko pale penye mashine, kama hospitali za Ocean Road kule Dar es Salaam na Bugando hapa kwetu, si katika kila wilaya. Ipo pia njia ya usalama wa mionzi, kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, ambako kupima na kuandika ndiyo kazi yenyewe. Na mkopo wa shahada ya kwanza utaanza kudaiwa huku bado anatafuta ada ya ya pili.

Hakunijibu siku ile. Majuma mawili ya giza yakapita, mama akawa na mzigo, sikumwona.

Sapu aliifanya Septemba. Swali la sumaku tatu lilikuwemo, bila hatua ya kurudisha njia pamoja. Aliiongeza mwenyewe pembeni. Alipata C, alama ya juu ambayo sapu inaruhusu chuoni kwake. Kwenye fomu alijaza fizikia ya tiba, chaguo lilelile alilokuja nalo Julai. Mjomba hakufurahi. Mimi nilihitaji siku moja kulikubali, kwa ajili ya silikoni yangu.

Juzi alinitumia ujumbe kutoka chuo. Hakuuliza habari ya ajira. Aliandika: "Mwalimu, ile asilimia 1.1 ya kobalti, huwa wanairekebisha kila mwezi au kila siku? Maana kwa mwezi mzima, mgonjwa wa mwisho atakuwa amepunjwa." Nikamwambia amuulize mtu wa idara ya mionzi atakapokwenda mafunzo ya vitendo, na aende na daftari.